Herufi Isiyo na Kinyume

Sina karakana. Nina jiko la ghorofa ya tatu mjini Szentes,
matofali mawili, koleo la kaka yangu,
na mfupa wa ngisi nilionunua duka la ndege,
maana nchi hii haina bahari;
bahari yetu huuzwa kwa vipande
ili kasuku wa watu wanoe midomo.

Niliupasua, nikasugua nusu kwa nusu
hadi mwanga ukakosa pa kupita.
Katikati nikakandamiza mfano wa pete, wa mti.
Kipimo nilipima kwa subana ya Etelka,
nyanya ya mama yangu:
hakuna kingine kilichobaki
kinachokijua kidole chake.

Vijiko vitatu vya fedha, kimoja kimelika ncha kwa miaka ya supu,
vikakaa kalibuni, vikagoma.
Nikanyunyiza tinkali. Vikagoma.
Kisha, kama mtu aliyesusa chakula
akasikia kitunguu kinakaangwa,
vikalegea, vikawa tone moja linalotetemeka,
tone lenye jicho.
Nikamimina.

Nyumba nzima ikanuka kucha zilizoungua.
Bi Vilma wa chini akagonga bomba kwa ufagio.
Hiyo ndiyo hongera niliyoipata.

Jumapili mbili za tupa, ya tatu ya msasa,
uso ukawa bapa, ukanionyesha taa ya dari.
Nikashika tindo.
E, nilisema, E ya Etelka,
mistari minne tu, hata mtoto ataiweza.
Nikabana pumzi; fedha ikajikunja mbele ya chuma
kama ganda la kitunguu cha Makó.
Nikayeyusha lakiri, nikagandamiza, nikainua.

Bulcsú akavaa miwani.
Akacheka hadi akashika meza.
"Umeandika Kirusi!"
Yeye aliyekalishwa miaka minane darasani akikisoma
na leo hakumbuki ila neno la mkate.
Kweli, E ilikuwa imenipa kisogo.
Nilisahau kwamba mchonga muhuri
huandika kama aliye upande wa pili wa ukuta.

Nikaikwangua. Vumbi la herufi
nikalikinga kwa karatasi iliyokuwa karibu:
nakala ya hati ya shamba, mwaka hamsini na tisa,
siku vitunguu vya Etelka vilipoingizwa ushirikani.
Chini kabisa, kwa mkono wa karani, jina lake.
Kando, kwa mkono wake mwenyewe,
mistari miwili iliyokatana,
wino umevimba pale alipobonyeza mno.

Miaka yote tulikuwa tukiikunja karatasi ile
alama ibaki ndani.

Igeuze sasa. Isimamishe mbele ya kioo.
Isome kutoka kulia, kutoka chini,
kutoka upande wa pili wa ukuta wowote.
Ni ileile.

Mikato miwili. Sikuhitaji Jumapili ya nne.

Husemwa chanda na pete;
haisemwi chanda cha nani.
Hii hainiingii ila kidole cha mwisho,
na hapo pia kwa sabuni.

Wiki jana tuliuza nyumba ya Makó.
Nilimwuliza wakili kama muhuri unafaa.
Akatabasamu kama watu wanavyowatabasamia wagonjwa,
akanisogezea kalamu ya bluu.
Nikaandika jina langu lote,
kila herufi ikitazama inakotakiwa,
na mkono wa kushoto, chini ya meza,
pete nimeigeuzia ndani,
ngumi nimeifumba.

Barabarani nikaifungua.
Kiganjani, nyekundu, mistari miwili.
Bulcsú akainama kuitazama. Hakucheka.
Ilidumu hadi kituo cha basi.